Mwalimu Mkuu wa Macon

Ghana ilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957, Accra ilijaa wageni kutoka Marekani. Makamu wa Rais Richard Nixon alikwenda. Mchungaji Martin Luther King, kijana wa miaka 28, alikwenda. Mzee mmoja hakwenda, ingawa Kwame Nkrumah alimpelekea mwaliko. Huyo ni W.E.B. Du Bois, aliyekuwa na miaka 89, na ambaye mwaka 1945 kule Manchester alikaa kikao kimoja na Nkrumah na Jomo Kenyatta walipodai uhuru wa Afrika bila kubembeleza. Siku ya Ghana alibaki nyumbani kwake Brooklyn, New York, kwa sababu serikali ya nchi yake ilimnyima pasipoti. Alitakiwa atie sahihi kwamba yeye si mkomunisti. Alikataa kusaini, akishikilia kwamba siasa ya mtu si sharti la kusafiri.

Mwaka huohuo, akiwa amefungiwa ndani ya mipaka ya Marekani, alitoa riwaya. Jina lake ni The Ordeal of Mansart. Mwaka 1959 ikafuata ya pili, Mansart Builds a School, na mwaka 1961, akiwa na miaka 93, akakamilisha ya tatu, Worlds of Color. Vitabu hivi vitatu kwa pamoja huitwa The Black Flame, yaani Moto Mweusi. Ni hadithi ya mtu mmoja, Manuel Mansart, kuanzia usiku aliozaliwa mwaka 1876 hadi kifo chake miaka ya 1950, na nyuma yake inapita nchi nzima ya Marekani, halafu dunia nzima. Nataka tuizungumze leo kwa sababu mwandishi wake aliushika ubaguzi wa rangi wa nyumbani na ubeberu wa ng'ambo akaviandika katika daftari moja la hesabu, na kwa sababu sisi wa huku tumo ndani ya daftari hilo, hata pale ambapo hakututaja.

Kwanza tujiulize, kwa nini riwaya? Du Bois alikuwa mwanahistoria. Mwaka 1895 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 700 kuhusu kile kipindi kifupi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, pale watumwa walioachwa huru walipopiga kura, wakaingia mabungeni na kujenga shule za umma katika majimbo ya Kusini. Mtu wa namna hiyo hana shida ya kuandika historia kwa ushahidi wa nyaraka. Lakini mwishoni mwa juzuu ya kwanza ya Mansart ameeleza wazi. Anasema angekuwa na muda na fedha angeendelea na utafiti, ila muda unamwishia. Na kuna mambo ambayo nyaraka hazikuyahifadhi: mtu alifikiri nini, alimwambia nini mkewe usiku, tajiri alimnong'oneza nini gavana. Hayo ameyajaza kwa ubunifu, bila kuuacha mkondo wa mambo yaliyotokea kweli.

Wasomaji wa Kiswahili tunaijua njia hii. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969 alituasa kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule yule Kinjeketile halisi wa Ngarambe. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu wanaifikiria Vita ya Maji Maji bila kuisikia tamthilia ile masikioni? Sanaa inafika mahali ambapo faili la mkuu wa wilaya haliwezi kufika.

Tuingie kitabuni. Ni South Carolina, mwaka 1876. Jimbo hilo lina watu weusi wengi kuliko weupe, na weusi wamo bungeni. Mmoja wao ni Tom Mansart, aliyezaliwa utumwani. Wenye mashamba wa zamani wanataka kurudisha mambo yao, na maskini wa kizungu, ambao nao hawana kitu, wanashawishiwa kwamba adui yao ni yule mweusi anayelima shamba la jirani. Tom anajaribu kuongea na pande zote mbili. Anaota muungano wa mafukara, weusi kwa weupe, na wakati huohuo anaongea na Kanali Breckinridge, mwenye shamba muungwana. Usiku wa balaa Tom anamsindikiza mke wa kanali huyo kumrudisha kwake salama. Genge la wazungu linamkuta mweusi ndani ya gari la farasi na mwanamke wa kizungu. Hapo hapaulizwi swali. Tom anauawa, na usiku huohuo mkewe anajifungua mtoto wa kiume. Bibi mzee wa ukoo, aliyeuona utumwa tangu mwanzo hadi mwisho, anachovya vidole katika damu ya marehemu, anampaka kichanga usoni, na kumpa jina la moto mweusi.

Nakiri kwamba ukurasa ule unatisha, na ndivyo ulivyokusudiwa. Lakini tazama alichokifanya mwandishi. Waliomuua Tom wengi wao ni wale wazungu maskini aliokuwa akitaka kuungana nao. Waliofaidika na kifo chake ni wengine kabisa. Hawakuwepo barabarani usiku ule, hawakushika bunduki, na mikono yao ni safi. Mwaka uliofuata, 1877, majeshi ya serikali ya shirikisho yaliondolewa Kusini, kura za weusi zikaanza kuporwa jimbo hadi jimbo, na shamba likarudi kwa mwenyewe wa zamani. Mlimaji akabaki analima kwa kugawana mavuno, huku deni lake likiandikwa na mwenye duka, na ndiye huyohuyo mwenye duka aliyekuwa akilisoma deni hilo. Asiyelipa alikamatwa kwa uzururaji, akakodishwa kama mfungwa kwa wenye migodi na wenye reli. Georgia iliendelea kukodisha wafungwa hadi 1908.

Du Bois hakuyaandika haya kwa kuhadithiwa. Alifundisha Chuo Kikuu cha Atlanta kuanzia 1897. Aprili 1899, karibu na mji wa Newnan, mkulima mweusi aitwaye Sam Hose alichomwa moto akiwa hai mbele ya umati. Du Bois alikuwa ameandika barua ya kiungwana kwa gazeti la mjini, akashika njia kuipeleka kwa mkono wake. Njiani akaambiwa kwamba vifundo vya vidole vya Hose vimewekwa kwenye duka la vyakula mtaa uleule aliokuwa akiuendea, watu wavitazame. Akageuza, akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata mwanawe wa kwanza, Burghardt, hajatimiza hata miaka miwili, alifariki kwa dondakoo katika mji huohuo. Ndani ya riwaya, miaka karibu 60 baadaye, yumo profesa anayefundisha Atlanta, ambaye msomaji anatambua mara moja kwamba ni Du Bois mwenyewe. Jina alilompa ni Burghardt. Lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, na lilikuwa jina la mtoto aliyemzika. Mwandishi hakulieleza jambo hili popote katika simulizi, wala hakuhitaji.

Sasa turudi kwenye lile daftari. Zao kuu la Kusini lilikuwa pamba, na pamba ndiyo iliyomkamata Du Bois tangu ujana. Hata riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1911, ilihusu pamba. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vikiitegemea pamba ya Marekani, na wakoloni walitaka kupata yao wenyewe, kwa bei nafuu, kutoka makoloni yao. Walitafuta ujuzi pale ulipokuwepo. Mwishoni mwa 1900 vijana weusi wa chuo cha Tuskegee, Alabama, chini ya Booker T. Washington, walisafiri kwenda Togo wakiwa wameitwa na Kamati ya Uchumi ya Kikoloni ya Wajerumani wakafundishe Waafrika kulima pamba kwa mtindo wa Alabama. Walikwenda kwa moyo mzuri. Waliamini wanawasaidia ndugu. Kamati hiyohiyo ilikuwa ikisukuma kilimo cha pamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na huku kwetu, pwani ya kusini, wananchi walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya maakida na majumbe. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu walikwenda shambani wakang'oa mashina ya pamba. Ndiyo iliyokuwa ishara ya kuanza kwa Maji Maji. Vita ile na njaa iliyoletwa na vita viliua makumi kwa makumi ya maelfu ya watu. Na wakati Wajerumani wangali wanachoma maghala ya nafaka Ungoni, Septemba 1906, magenge ya wazungu yaliingia mitaa ya Atlanta kwa siku kadhaa yakaua watu weusi kila walipowakuta. Du Bois alikuwa Alabama kwenye utafiti. Alirudi kwa treni, akanunua bunduki, akaketi barazani kuilinda familia yake.

Tukio la Atlanta limo katika Moto Mweusi. La Nandete halimo. Lakini yeyote anayeisoma riwaya hii akitokea Kilwa, Liwale au Songea ataona kwamba mkono unaoandika deni la mlimaji wa Georgia na mkono uliomshikisha Mmatumbi jembe la pamba ilikuwa ikiandikiana barua. Hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Wamarekani wengi waliozungumza dhidi ya ubaguzi waliueleza kama ugonjwa wa moyo, chuki ya watu wajinga wa Kusini ambayo elimu na sala vingeiponya. Du Bois alishakataa jibu hilo mapema. Mwaka 1915, vita kuu ikiwa na miezi michache, aliandika makala akieleza kwamba mizizi ya vita ile iko Afrika, katika kugombea ardhi na mali za watu weusi. Vita yenyewe ilikuwa tayari imefika Tanga na Taveta, na kabla haijaisha wapagazi kwa maelfu mengi walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi wakibeba risasi za watu wengine. Februari 1919 alikuwa Paris na wajumbe 57 wa Kongresi ya Umajumui wa Afrika, akipendekeza kwamba makoloni yaliyonyang'anywa Wajerumani, na yetu ikiwemo, yasigawiwe kama nyama bali yawekwe chini ya chombo cha mataifa yote. Hakusikilizwa.

Juzuu ya tatu ndiyo inayovuka bahari. Mansart, ambaye maisha yake yote amekuwa mtu wa Georgia, anasafiri mwaka 1936 kwenda Ulaya, Urusi, China na Japani, njia ileile aliyopita Du Bois mwaka huo. Katika kila nchi anauliza swali la mkulima: nani analima, nani anauza, nani analala na njaa? Nami nitasema wazi pale ninapoona mwandishi aliteleza. Alikuwa mkali kwa mabeberu wa kizungu, na mpole mno kwa wengine. Japani ilikuwa imeikalia Manchuria kwa mtutu wa bunduki, na Du Bois alipopita huko aliona maendeleo zaidi kuliko machozi. Stalin alipofariki mwaka 1953 alimsifu. Upole huo umeingia katika kurasa za juzuu ya tatu, na Mchina au Mwukraini ana haki ya kuuliza uchungu wake umeandikwa wapi katika daftari hili. Mtu aliyeona kwa ukali namna ile alipotazama Congo na Carolina alipaswa kuona vilevile huko.

Hata hivyo, ukiniuliza ni juzuu ipi iliyonikaa moyoni, nitakwambia ni ya pili, ile ambayo wengi huipita haraka kwa kuwa haina damu nyingi wala safari. Ni kitabu cha mwalimu. Manuel Mansart amesoma, ameoa, amepata watoto. Anakuwa msimamizi wa shule za watoto weusi Atlanta, kisha anakuwa mkuu wa chuo cha jimbo cha watu weusi huko Macon, Georgia. Wazungu wanaomteua wanamwona mtu mtulivu, mtu wa kuaminika, asiyepiga kelele. Na yeye anajua kwamba ndivyo wanavyomwona, na anajua ndiyo sababu ya kuteuliwa.

Anachohitaji ni majengo, madawati, maktaba na mishahara. Vyote viko mikononi mwa bunge la jimbo ambalo hakuna mtu mweusi anayelipigia kura. Mkono mtupu haulambwi, na Mansart hana chochote mkononi isipokuwa adabu yake. Basi anatumia adabu. Anasubiri. Anaomba kidogo ili asinyimwe chote. Akitukanwa, funika kombe mwanaharamu apite. Akiambiwa mweusi afundishwe jembe, nyundo na kupika, Kigiriki cha nini, anaitikia, kisha anatafuta upenyo wa kumwingiza mwalimu wa historia kwa mlango wa nyuma. Jengo linapanda. Wanafunzi wanaingia. Kila mwaka anajumlisha alichopata, na kila mwaka anatoa kile alichokinyamazia ili akipate.

Du Bois alipingana na njia hiyo sehemu kubwa ya maisha yake. Ugomvi wake na Booker T. Washington kuhusu elimu ya mtu mweusi unajulikana: mmoja alisema tuanze na ufundi na kazi za mikono, haki zitakuja, mwingine akasema bila haki na bila elimu ya juu hata huo ufundi utaibiwa. Mwandishi wa kawaida angemfanya Mansart kuwa kibaraka wa kuchekwa. Du Bois, katika uzee wake, alimpenda. Alimpa heshima, subira, akili na uchungu. Alikubali kwamba shule nyingi zilizowasomesha watu wake zilijengwa na watu wa aina ile waliomeza matusi kwa nusu karne, na kwamba yeye mkali asingepata hata tofali moja kutoka bunge la Georgia. Halafu, bila kumwondolea heshima, anamwonyesha gharama. Mwanawe mdogo, Bruce, kijana mwenye nguvu na matumaini, anapigwa vibaya na polisi. Maisha yanamwendea upande hadi anaishia kunyongwa kwa hukumu ya mahakama. Baba mtu, aliyemwinamia kila afisa wa kizungu ili watoto wa wenzake wasome, hana afisa hata mmoja wa kumwokolea wake.

Kwa nini kurasa hizi zinatuhusu? Kwa sababu ugomvi wa Macon uliletwa kwetu ukiwa umefungwa kwenye sanduku. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufanya kazi chuo cha Hampton, Virginia, shule mama ya mtindo wa Tuskegee. Ripoti yake ikapendekeza kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mfano wa watu weusi wa Kusini mwa Marekani: kilimo, usafi, ufundi wa kijijini, maadili. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, Kenya, kwa msaada wa fedha za mfuko wa Carnegie. Jina lenyewe lilitoka Philadelphia, kwa Anna Jeanes, mama tajiri wa kidini ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi vijijini huko Kusini. Du Bois alikuwa amekwisha kumpinga Jones kwa maandishi miaka kadhaa kabla, juu ya ripoti ya namna hiyohiyo kuhusu shule za weusi nyumbani kwao.

Sisemi walimu waliotoka Kabete walifanya kazi bure. Wapo waliochimba vyoo vilivyookoa watoto, wakafundisha kusoma penye miti tu. Ninasema walikuwa akina Mansart. Na kama Macon, palikuwa na wengine walioona chakula kile hakishibishi. Wakikuyu walianzisha shule zao za kujitegemea, na Januari 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kikafunguliwa chini ya Mbiyu Koinange, kijana aliyekuwa amesoma Hampton kwenyewe, kisha akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Columbia. Aliujua mtindo ule kwa ndani, na alipopewa nafasi ya kujenga, alijenga kwa michango ya wazazi ili asimpigie mtu magoti. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952. Mansart angelielewa tukio hilo kwa sekunde moja.

Wahakiki wa fasihi waliopata kuitazama riwaya hii wamelalamika, na si bure. Watu wake hawaongei, wanahutubia. Mtu anaingia sebuleni, anakaa, anaulizwa hali ya sukari ya Cuba, anajibu aya tatu zenye takwimu. Wapo wahusika waliozaliwa ili waeleze jambo moja tu, wakishaeleza hawaonekani tena. Mapenzi yanapita kama mtu aliyechelewa treni. Nimeyaona haya yote na sitayatetea. Lakini mchapishaji wake alikuwa mdogo, wa mrengo wa kushoto, katika miaka ambayo jina la Du Bois lilikuwa la kuogopwa. Februari 1951, mwezi aliotimiza miaka 83, alisimamishwa mahakamani Washington na kutiwa pingu, akishtakiwa kuwa wakala wa dola ya kigeni, kwa sababu tu ofisi aliyoiongoza ilisambaza wito wa kupiga marufuku bomu la atomiki. Albert Einstein alikuwa tayari kuja kumtolea ushahidi wa tabia njema. Novemba, upande wa mashtaka ulipomaliza kueleza, jaji aliifuta kesi kwa kukosa ushahidi. Aliyeandika Mansart alitoka kwenye chumba hicho. Alikuwa anashindana na kalenda, na alichagua kusema yote hata kama usemi wenyewe ungekwaruza. Waliomhukumu kwa ufundi wa mazungumzo walikuwa na haki. Waliotumia ufundi huo kama kisingizio cha kutokisoma kitabu walijinyima.

Ndani ya kasoro hizo kuna mhusika ninayetaka asisahauliwe, naye ni Jean Du Bignon. Kwa kumtazama ungedhani ni mzungu, na angeweza kuishi maisha yake yote upande ule bila kuulizwa. Amesoma sosholojia. Anachagua kubaki na watu wake, anakuwa katibu wa Mansart chuoni, na baadaye sana mkewe. Yeye ndiye anayeona kabla ya mkuu wake kwamba jengo zuri katikati ya wakulima wanaodaiwa ni nusu ya kazi. Anapanga utafiti: vyuo vya weusi vya majimbo yote vishirikiane kuhesabu, mwaka hadi mwaka, watu wanamiliki nini, wanadaiwa nini, wanakula nini, wanaugua nini. Du Bois mwenyewe alipigania mpango wa aina hiyo alipokuwa Atlanta miaka ya 1940, ukafa alipostaafishwa mwaka 1944 bila ridhaa yake. Kwenye riwaya aliukabidhi kwa mwanamke, na kwa maoni yangu alifanya vema. Jean hapigi kelele zaidi ya Mansart. Tofauti yake ni kwamba anapouliza, anauliza kwa hesabu.

Pasipoti ya Du Bois ilirudishwa mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumfungia mtu kwa sababu ya imani yake. Desemba mwaka huo Waafrika walikutana Accra, mwenyekiti akiwa Tom Mboya, mwenye miaka 28. Du Bois alikuwa mgonjwa Moscow, na hotuba yake ilisomwa na mkewe, Shirley Graham. Mwaka 1961 walihamia Ghana, na huko alifariki tarehe 27 Agosti 1963. Mjane wake aliendelea kuandika. Mwaka 1975 alitoa kitabu kuhusu Julius Nyerere, kilichoandikiwa vijana, na katika maisha yote ya Nyerere alichokiweka kwenye jina la kitabu ni kazi yake ya ualimu.

Juzuu zote tatu zilichapishwa upya na Oxford mwaka 2007, kwa hiyo maktaba ya chuo ikiamua kuziagiza zitapatikana. Kwa msomaji mwenye muda wa juzuu moja tu, napendekeza ya pili, na kwa wafasiri wetu naomba waanze na hiyohiyo, kwa ajili ya walimu wakuu wa shule za vijijini, kutoka Masasi hadi Kitui, wanaoandika barua za kuomba mabati wakijua ni sentensi ipi wasiiandike ili mabati yaje. Wakiisoma watakutana na Jean akiwa na daftari lake, akimuuliza mkuu wake kuhusu wazazi wa wanafunzi waliojaa katika lile jengo jipya: ardhi wanayolima ni ya nani, na bei ya pamba yao imepangwa na nani.